Makarani wa Vichochoroni

Sensa ya Kenya ya mwaka 2009 iliipa Kibera, mtaa wa mabanda wa Nairobi, wakazi 170,070, na tarakimu hiyo ikazua kelele. Kwa miaka mingi wanahabari, wanasiasa na waandishi wa maombi ya ufadhili walikuwa wakitaja nusu milioni, wengine wakipanda hadi milioni nzima. Sasa ikawa kama watu wale wamehama usiku mmoja. Wapo waliosema makarani wa serikali hawakuthubutu kufika vichochoro vya ndani, na wapo waliosema milioni ile haikuwahi kuwa na msingi wowote. Wengi wa waliobishana hawakuwa na orodha ya majina mkononi, wala hawakuona haja nayo. Mtu anaweza kugombania laki nane za watu mwaka mzima bila kumjua hata mmoja wao.

Nairobi hiyohiyo ilikuwa na watu waliohesabu kwa namna nyingine. Walishika kijiji kimoja, safu moja ya vyumba, mlango mmoja, wakapiga hodi. Walipomaliza wangeweza kukuambia chumba cha tatu kutoka chooni anaishi nani, kodi anamlipa nani, maji ananunua wapi na kwa shilingi ngapi. Kazi yao naipenda, na naona haijapata sifa inayostahili. Yakitajwa maendeleo ya mitaa, tunaonyeshwa picha za nyumba mpya, barabara yenye taa, mheshimiwa akikata utepe. Karani aliyepita hapo miaka kadhaa kabla ya utepe, akiwa na daftari, chaki na kopo la rangi, hayumo pichani. Na bila yeye, mara nyingi nyumba ile ingejengwa vizuri sana na kukaliwa na mtu mwingine kabisa.

Historia yenyewe ina machungu. Mei 1990 kijiji cha Muoroto, karibu na kituo cha mabasi cha Machakos, kilibomolewa kwa nguvu, na miaka iliyofuata ikawa ya mabomoko na unyakuzi wa ardhi ya umma. Mwaka 1996 wakazi wa vijiji mbalimbali vya Nairobi waliunda Muungano wa Wanavijiji, chama ambacho mwanzoni kazi yake ilikuwa moja tu, kukataa kufukuzwa. Miaka minne baadaye likaanzishwa shirika la Pamoja Trust, likiongozwa na wakili Jane Weru, na likawa bega la Muungano. Hapo ndipo kukataa kulipoanza kuambatana na kuhesabu. Anayekuja kubomoa huwa na swali moja ambalo hushinda kelele zote: mko wangapi, na nani anasema hivyo?

Ujuzi huu ulikuwa umeshafanyiwa kazi India. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikubali kwamba kumwondoa mtu kando ya barabara anakolala ni kuigusa riziki yake, kisha ikairuhusu mamlaka ya Bombay (sasa Mumbai) iwaondoe hata hivyo, mradi wapewe notisi. Shirika changa liitwalo SPARC, pamoja na wanawake wa vibanda vya kando ya barabara eneo la Byculla, likahesabu kaya zipatazo 6,000 kabla tingatinga hazijafika. Jockin Arputham, kiongozi wa shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda India, aliyewahi kushuhudia mtaa wake mwenyewe ukibomolewa katika miaka ya sabini, akaubeba mtindo huo nchi hadi nchi mpaka alipofariki mwaka 2018. Wakenya walikwenda India, na wenzao wa huko wakaja Kenya. Walichojifunza ni kwamba anayehesabu awe ndiye anayehesabiwa.

Hilo ni rahisi kulisema jukwaani. Chini kichochoroni lina adabu zake, na adabu hizo ndizo ninazotaka kuzikalia hapa.

Kwanza kuna suala la rangi. Mkazi wa mji wowote wa Afrika Mashariki amejifunza kuiogopa rangi ukutani. Alama ya X nyekundu ikipigwa kwenye ukuta wako, maana yake nyumba imo ndani ya hifadhi ya barabara au reli, na siku zake zinahesabika. Sasa anakuja kijana na kopo, anataka kuandika namba kwenye mlango wako wa bati. Kazi ya karani huanza kabla ya brashi kuguswa, na inaweza kuchukua wiki nyingi za mikutano. Kuna kikao na chifu, kikao na wazee wa kijiji, kikao na wenye ploti, kikao na wapangaji bila wenye ploti kuwepo, kisha baraza la wote. Karani mzuri hujua kwamba swali gumu litaulizwa na mama aliyekaa nyuma kabisa, na kwamba jibu lake litasambaa kijijini kabla mkutano haujafungwa. Kwa hiyo hujibu lile swali la nyuma kwa uangalifu kuliko hotuba yote aliyoitoa mbele.

Wenye ploti na wapangaji ndio mgogoro mkuu wa Nairobi, na anayeusahau hawezi kuhesabu chochote. Sehemu kubwa ya wakazi wa mitaa hii ni wapangaji wa chumba cha futi 10 kwa 10, chenye kuta za mabati au udongo, katika safu ya vyumba vinavyomilikiwa na mtu ambaye mara nyingi haishi hapo. Ardhi si yake. Alichonacho ni mabati na mbao zilizo juu yake, na kodi anayokusanya kila mwezi. Mwenye ploti akisikia habari ya kuhesabu, huona nyumba zake zikitoweka. Mpangaji huona kodi ikipanda, au akiambiwa ahame kabla jina lake halijaandikwa. Karani akiingia kijijini kwa mlango wa mmoja wao, mwingine atafunga wake. Ndiyo maana namba hupangwa kwa namna ya kuwatambua wote wawili: jengo lina namba yake, na kila mlango ndani ya jengo una herufi au namba ndogo. Jengo ni la huyu, chumba anaishi yule, na hakuna jina linalofuta jina la mwenziwe.

Kupanga namba zenyewe ni kazi ya akili. Vichochoro havikupimwa na mtu yeyote. Safu inaanza vizuri, inajipinda kuukwepa mtaro, inagawanyika mbele ya choo, kisha inaishia kwenye ukuta wa kiwanda. Ukiifuata bila mpango, utajikuta umerudi ulikotoka na umeruka vyumba vya nyuma visivyo na mlango wa nje. Kwa hiyo makarani hutembea kwanza bila fomu. Wanachora ramani ya mkono, wanaweka alama kwenye vitu visivyohama, mfano mti, kanisa, bomba la maji, nguzo ya stima, halafu wanakigawa kijiji katika vipande ambavyo watu wawili wanaweza kuvimaliza wakiwa bado na nguvu za kusalimia vizuri. Hiyo ya kusalimia siisemi kwa mzaha. Mlango wa mwisho wa siku ndio hupata majibu mabaya zaidi, kwa sababu karani amechoka na mwenye nyumba amemwona kuwa amechoka.

Hodi nayo ina saa zake. Mchana wa katikati ya juma kijiji huwa kimebaki na watoto, wagonjwa na wanaolala baada ya zamu ya usiku viwandani. Akina mama wamekwenda kufua nguo mitaa ya wenye nazo, wanaume wako mjengoni. Ukihesabu saa nne asubuhi unapata kijiji cha watu nusu, na nusu hiyo ndiyo isiyojua kodi inalipwa kwa nani. Kwa hiyo huhesabiwa alfajiri kabla ya watu kutoka, jioni wanaporudi, au Jumapili baada ya ibada, na mlango uliofungwa hurudiwa tena na tena. Karani wa serikali ana tarehe ya mwisho. Karani wa kijiji ana jirani ambaye atakutana naye bombani kesho, na jirani huyo ataona kama aliruka mlango wake.

Mlangoni penyewe, utaratibu ni wa Kiswahili kabisa. Hodi, karibu, habari za hapa, za watoto. Fomu haitoki mfukoni mpaka mtu ameketi au amekataa kuketi. Mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake, Mama fulani, kwa sababu ndivyo kijiji kinavyomjua. Jina la kitambulisho huja baadaye, na mara nyingine halifanani na la kwanza hata kidogo. Majina yote mawili huandikwa. Wengi hawalioni jambo hili kuwa kubwa, ila siku ya kugawa nyumba, mtu aliyeandikwa kwa jina la kitambulisho pekee anaweza kukosa shahidi hata mmoja wa kumtambua, na aliyeandikwa kwa jina la mtoto pekee anaweza kukosa karatasi.

Kisha huja swali la nani anaishi hapa. Wanasensa wana kipimo chao cha kaya: wanaokula chungu kimoja. Ni kipimo kizuri, lakini chumba cha futi 10 kwa 10 hukitikisa. Ndugu wawili wanalala kitanda kimoja kwa zamu, mmoja usiku na mwingine mchana, na kila mmoja anakula kwake. Nyanya analala na wajukuu chumba cha pili lakini chakula kinapikwa cha kwanza. Msichana ameolewa juzi, bado ana sanduku kwa mamake. Karani aliyetoka mbali atachagua jibu linaloingia kwenye kisanduku cha fomu. Wa kijijini huuliza moja zaidi, kwa sauti ya kawaida: moto ukizuka usiku, mnatoka wangapi mlango huu? Moto ni jambo la kweli kwenye mitaa ya mabati na stima za kuungwaungwa, na hakuna anayelidanganya swali hilo.

Yapo mengine yanayoulizwa kwa kuzunguka. Mapato hayaulizwi kwa ghafla. Huulizwa matumizi: unga, makaa au mafuta ya taa, maji, choo cha kulipia, kodi, karo. Mtu ambaye asingekuambia anapata shilingi ngapi atakuhesabia kwa usahihi mkubwa anazotoa, tena kwa uchungu. Biashara ya pombe haiandikwi kwa jina lake; huandikwa biashara ndogo, na karani anajua, na mwenye nyumba anajua kwamba karani anajua. Wengine wataona hapo udhaifu wa takwimu. Mimi naona uaminifu uliofikiriwa. Fomu itakayomletea mtu polisi haitajazwa tena na jirani yake.

Uaminifu huo hupimwa kwa nguvu zaidi habari zikivuja kwamba mradi unakuja. Usiku mmoja chumba kimoja kinakatwa katikati kwa mbao na kuwa viwili. Jamaa wanaletwa kutoka mashambani na kuambiwa waseme wameishi hapo tangu zamani. Hapa ndipo utamjua karani aliyelelewa mtaani. Hagombani na mtu. Anaangalia kama kuta zina masizi ya jiko, kama kufuli ina kutu au inang'aa, kama kuna kamba ya nguo, kama watoto wa jirani wanamjua huyo anayedai ni mkazi wa miaka sita. Halafu anauliza mlango unaofuata nani wanaishi upande ule, bila kusema kwa nini anauliza. Anaandika alichoambiwa na alichokiona, na hukumu anaiachia kijiji kizima.

Hukumu hiyo ndiyo sehemu ninayoistahi kuliko zote. Baada ya fomu kukusanywa, orodha hubandikwa mahali wazi ambapo kila mtu hupita. Mtaa mzima unaisoma. Asiyejua kusoma anasomewa. Mtu anajikuta hayumo, anakuja juu. Mwingine anaona jina la mtu aliyefariki mwaka jana likiwa hai. Wa tatu anasoma kwamba chumba alichokipangisha kimeandikwa kwa jina la mpangaji wake, na hapo huzuka kikao kingine kitakachochukua jioni nzima. Mabishano yanasikilizwa hadharani, mashahidi wakiwa majirani, na orodha inasahihishwa na kubandikwa upya. Mtaalamu aliyesomea takwimu huiona hatua hii kuwa ya kuwaridhisha watu tu. Nadhani amekosea. Takwimu za kawaida hulindwa na hesabu za sampuli na kiwango cha kosa. Hizi zinalindwa na wivu wa majirani, na sijaona mlinzi mkali kuliko huyo. Hakuna anayekubali kimya kimya jirani apewe chumba ambacho hana.

Huruma, upande wa kaskazini mashariki mwa jiji, ndiko mambo haya yalikoonekana mapema kwa macho. Vijiji vitano vilikuwa vimekaa juu ya ardhi ya baraza la jiji: Kambi Moto, Mahiira, Redeemed, Ghetto na Gitathuru. Wakazi wake walihesabiwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na hesabu ikaweka mezani lile jambo ambalo hakuna aliyetaka kulisema, yaani kwamba ardhi iliyokuwepo isingetosha kumpa mwenye ploti nafasi sawa na vyumba vyake vyote na bado mpangaji akabaki. Kilichokubaliwa, baada ya mabishano marefu, ni kwamba mwenye ploti na mpangaji wote wana haki ya nyumba moja moja. Mtu aliyekuwa akipokea kodi ya vyumba kadhaa alikubali kuwa jirani wa waliokuwa wakimlipa. Mara nyingi makubaliano haya hutajwa kwa sentensi moja katika ripoti, kisha ripoti huendelea na bei ya saruji. Ningependa sana kusoma kitabu kizima juu ya vikao vile.

Saruji nayo ilikuwa na ujuzi wake, niutaje kwa kifupi. Kabla ya kujenga, wakazi walisimamisha nyumba ya kitambaa: miti na shuka zilizopimwa kwa ukubwa halisi, watu wakaingia, wakajaribu kugeuka na kitanda, wakasema jikoni hapatoshi, wakasogeza shuka. Mchoro wa karatasi humnyamazisha mtu asiyezoea michoro, lakini shuka kila mtu anaijua. Kambi Moto walijenga nyumba za ghorofa kwenye vipande vidogo vya ardhi visivyozidi sana ukubwa wa vyumba viwili vya kawaida, wakitumia vibamba vya zege vidogo walivyovifyatua wenyewe, mtindo waliouchukua India. Wanawake ndio waliovifyatua kwa wingi. Akiba walikuwa wakiiweka kidogo kidogo, mweka hazina akipita mlango kwa mlango kukusanya, na hapo utaona kwamba karani na mweka hazina walikuwa wakipita njia zilezile. Kijiji kilichozoea kufunguliwa mlango kwa ajili ya akiba hakishtuki mtu akija na fomu.

Kando ya reli inayopita Kibera na Mukuru kazi ilikuwa ya aina nyingine. Mwaka 2004 wakazi na wachuuzi walitishiwa kuondolewa ili njia ya treni iwe huru. Soko lilikuwa juu ya reli yenyewe: treni ikipiga honi, nyanya na viatu vinavutwa pembeni, ikipita vinarudi. Viongozi wa wakazi na maofisa wa reli walisafiri pamoja hadi Mumbai kuona familia za kando ya reli kule zilivyohamishwa kwa utaratibu, na waliporudi, walioishi na waliofanya biashara kando ya reli wakahesabiwa. Kumhesabu mchuuzi ni ugumu mwingine, kwa kuwa hana mlango. Meza yake inakuja asubuhi na kuondoka jioni, na mahali pake panajulikana tu kwa wenzake wa kulia na kushoto. Makarani waliwaandika hao pia. Nyumba na vibanda mbadala vilijengwa miaka mingi baadaye, polepole kuliko mtu yeyote alivyoahidi, lakini waliohamia walikuwa wameandikwa.

Mukuru ndiko kazi hii ilikokua hadi kutisha. Agosti 2017 kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalumu la kupangwa. Ni zaidi ya kaya 100,000, juu ya ardhi ambayo sehemu kubwa iligawiwa watu binafsi na kampuni zamani kwa ajili ya viwanda ambavyo havikujengwa. Mtu hawezi kuita baraza la kaya laki moja. Muungano na washirika wake, vikiwemo vyuo vikuu na mashirika ya kisheria, wakaanzia chini: kaya kumi kumi zinachagua mwakilishi, wawakilishi wanakutana kwenye kundi la kaya mia, na kutoka hapo kwenda juu hadi kwenye vipande vikubwa vya mtaa. Watanzania wataitambua mara moja nyumba kumi hiyo, ingawa huku kwetu ilivaa koti la kupanga mji badala ya la siasa.

Maswali ya Mukuru yalikuwa makali zaidi kuliko ya Huruma. Stima unamlipa nani? Kijana fulani. Ana risiti? Hana. Maji mtungi mmoja shilingi ngapi, na wakati wa ukame? Majibu yalipojumlishwa, ikaonekana kwamba mkazi wa mabati hulipa zaidi kwa kila lita ya maji kuliko mtu wa mtaa wenye lami, na anapata maji mabaya zaidi. Kila mama wa Mukuru alilijua hilo. Ila kulijua hakukuwa kumebadilisha lolote. Kuliandika kwa jina la kijiji, namba ya mlango na bei ya mtungi kulilifikisha kwenye meza za maofisa wa kaunti, na barabara, mabomba na hospitali vikaanza kuingia Mukuru kuanzia 2020.

Nisiwapambe kupita kiasi. Mwaka 2021 nyumba nyingi sana za Mukuru kwa Njenga zilibomolewa kupisha barabara, na watu wakalala juu ya vifusi vya mahali ambapo paliwahi kuhesabiwa na kuchorwa. Namba mlangoni haizuii tingatinga. Orodha hiyohiyo inayomtambulisha mkazi inaweza kumwonyesha anayetaka kumwondoa pa kuanzia, na makarani wanalijua hilo kuliko wakosoaji wao. Ndiyo maana hubishana sana juu ya nani anashika daftari na nani anapewa nakala. Wapo pia makarani wabaya. Kuna anayejaza fomu akiwa kibandani kwa chai, na kuna aliyewahi kuuza nafasi kwenye orodha. Orodha ya kubandikwa ukutani huwanasa wengi wao, si wote.

Dar es Salaam ina tawi la ufundi huu ninalolipenda kwa sababu nyingine. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu mjini humo na kuwaondoa wengi mabondeni, na baadhi ya waliokuwa Jangwani wakapelekwa Mabwepande. Mwaka huohuo vijana walikuwa wameanza kuichora ramani ya Tandale pamoja na wakazi, na mwaka 2015 ukaja mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakitembea na wenyeji kuchora kata zinazofurika. Walichora barabara, nyumba na mitaro, wakipima upana na kina cha mtaro na kuandika umejengwa kwa kitu gani na umeziba kwa kitu gani. Kisha wakafikia shina, yaani kundi dogo la nyumba lenye mjumbe wake. Kila mjumbe wa shina anajua nyumba zake, lakini mpaka wa shina haukuwa umechorwa popote. Uliishi kichwani mwa mjumbe. Namna ya kuupata ni kutembea naye. Mjumbe anatangulia, anaonyesha kwa kidole: nyumba hii yangu, ile ya mwenzangu, hapa kwenye mwembe tuligawana. Kijana anafuata na simu, akiweka nukta. Wajumbe wawili wakikutana mpakani hubishana kidogo, hucheka, huafikiana, na mstari unachorwa.

Kazi nyingine waliyofanya ni kuwauliza wazee maji yalifika wapi. Mzee haonyeshi mita. Anakuonyesha tofali la nne kutoka chini, dirisha, au shavu la mtoto aliyekuwa akimbeba siku ile. Mpimaji anashusha futi yake hapo. Ukikusanya matofali na madirisha ya mtaa mzima unapata mstari wa mafuriko ambao hakuna kifaa kilichokuwepo kuupima maji yalipokuwa yakipita. Nimewahi kusoma maelezo ya namna hii yakiitwa data laini. Laini kwa nani? Yule mzee angeapa mahakamani kwa tofali lake.

Kazi zote hizi, za Huruma, za Mukuru na za Dar es Salaam, zina kasoro moja isiyotibika: huchakaa. Mpangaji wa Nairobi huhama, mtu hufariki, safu huungua na kujengwa upya ikiwa na vyumba zaidi, mtoto wa Mama fulani anaoa na kupanga chumba cha pili. Orodha ya miaka mitatu tayari ina uongo ndani yake, bila mtu yeyote kudanganya. Vikundi vya akiba ndivyo huliona hilo kwanza, kwa kuwa mweka hazina anapita kila siku na kumkuta mgeni mlangoni, na vijiji vyenye vikundi imara husahihisha daftari kimya kimya, jina kwa jina. Vijiji ambavyo akiba imekufa hubaki na namba zilizofifia ambazo hakuna tena anayejua ziliandikwa lini.

Hapo ndipo nawashangaa wafadhili, wa ndani na wa nje. Kuhesabu mara ya kwanza kunapata fedha, kwa sababu kuna uzinduzi, kuna ripoti yenye jalada zuri. Kujenga kunapata fedha zaidi. Kurudia kuhesabu hakuna anayetaka kukulipia. Ofisi huona ni kufanya kazi iliyokwishafanywa. Matokeo yake makarani wenye uzoefu wa miaka, wanaojua kufuli mpya ina maana gani na swali la moto huulizwa kwa sauti gani, hukaa bila kazi kati ya mradi na mradi. Wengine huenda mjengoni, wengine hupanda bodaboda. Mradi ufuatao ukija, huajiriwa vijana wapya, hupewa mafunzo ya siku chache na simu za kisasa, na huanza tena kupiga hodi saa nne asubuhi.